Mwalimu, projekti imenikaba koo

Mwezi huu kapu la barua limejaa kitu kimoja. Kawaida napata mapenzi, napata ugomvi wa mawifi, napata mtu anauliza asome ualimu au unesi, ila safari hii nadhani vyuo vyote vimeingia semista ya utafiti siku moja maana karibu kila aliyeniandikia analia na projekti. Nimechagua sita. Majina nimeficha, na barua mbili nimezipunguza matusi.

Mwalimu shikamoo. Niko mwaka wa tatu hapa Morogoro nasoma mambo ya kilimo. Topiki yangu ni "Changamoto za kilimo cha nyanya Tanzania". Nimeipeleka kwa supavaiza mara tatu na zote kairudisha na neno moja tu kwa kalamu nyekundu, PANA. Nimebakiwa na wiki 16 kukabidhi, sijaandika hata ukurasa, bumu la mkopo limeisha, na nikiwaza kudisko, yani kufukuzwa chuo, usingizi hauji. Nianzie wapi? – Mlia Nyanya, Morogoro

Marahaba mwanangu. Supavaiza wako yuko sahihi, ingawa na yeye angejitahidi hata mstari mmoja zaidi, neno PANA peke yake halimsaidii mtu. Ngoja nimalizie sentensi yake. Nyanya inalimwa Iringa, inalimwa Arusha, inalimwa Kilimanjaro, inalimwa hapohapo kwenu kupanda Mgeta, kila sehemu na maji yake na soko lake. Changamoto nazo, kuna mbegu, kuna bei, kuna madalali, kuna barabara, kuna yule mdudu wakulima wamempa jina la kantangaze. Wewe mtu mmoja mwenye simu na nauli ya kubangaiza utazigusa zote kwa wiki 16? Utaishia kuandika kurasa sitini ambazo mtu angeziandika kitandani bila kumuona mkulima hata mmoja, na mwalimu wako ameshaiona hiyo ajali kabla haijatokea.

Chukua karatasi. Andika nani, wapi, kitu gani kimoja, na ntakipimaje. Tuseme umechagua wakulima wadogo wa Ilula, ile ya njia kuu ya kwenda Iringa. Kitu kimoja: nyanya zinazoharibika tokea zinachumwa mpaka zinapakiwa kwenye lori. Utapima kwa kuhesabu, yani unakaa pembeni ya shamba siku ya kuchuma, unahesabu matenga yaliyojaa, alafu unahesabu zilizotupwa pale kwenye kupakia, na unamuuliza mwenye shamba zilizopasuka zimepasuka kwanini. Sasa topiki inakuwa "Kiasi cha nyanya kinachopotea kati ya shamba na lori kwa wakulima wadogo wa Ilula, na mchango wa matenga katika upotevu huo". Haina mvuto hata kidogo. Ila inafanyika. Mimi nina kipimo changu cha kienyeji, kama huwezi kufumba macho ukaliona jedwali lako la kwanza la majibu, safu hii ni nini na safu ile ni nini, topiki bado ni pana.

Sasa ratiba, na hapa ndo wengi wanazama, wala sio kwamba hawana akili. Mnahesabu kutoka leo kwenda mbele. Hesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Wiki ya 16 unakabidhi. Ya 15 unarekebisha na kuprinti, na usicheke, hiyo wiki kila stesheneri ina foleni mpaka barabarani na umeme nao unachagua siku hiyohiyo. Ya 13 na 14 supavaiza anasoma, ana wanafunzi wengine na ana maisha yake, huwezi kumpa rasimu Alhamisi ukaidai Ijumaa. Kwahiyo 11 na 12 unaandika majibu na mjadala, 9 na 10 unachambua data, 7 na 8 uko fildi, ya 6 unajaribisha dodoso lako kwa watu watano au kumi ambao sio wa kwenye sampuli, yani wale utakaowahoji kweli, uone swali gani linawachanganya. Umeona zimebaki ngapi? Tano. Hizo ndo za topiki, proposo (ule mpango wa utafiti wako kwa maandishi), kusoma walioandika wenzako, na vibali.

Vibali navisema peke yake maana vimewaua wengi. Barua ya chuo inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, pale inaandikwa nyingine ya kushuka wilayani na halmashauri, halmashauri inaandika kwa mtendaji wa kata, wa kata anakukabidhi kwa wa kijiji. Kila meza ina "njoo kesho" yake. Mwanafunzi anaanza kuomba barua akiwa ameshafunga begi, alafu anashangaa wiki mbili za fildi zimeishia kwenye benchi la masjala. Omba wiki ya kwanza ile topiki ikipita tu.

Mwaka 1957 kampuni ya DuPont ya Marekani ilikaa na wenzao wa Remington Rand wakatengeneza mbinu ya kupanga miradi ya viwanda, wakitafuta ule mlolongo wa kazi ambao ikichelewa moja tu basi mradi wote umechelewa, hata kama kazi zingine zote zimewahi. Wanauita njia ya kufa na kupona, au mimi ndo nauita hivyo. Kwako wewe mlolongo huo haupiti kwenye kuandika, unapita kwenye barua. Chapta ya pili, ile ya walioandika wenzako, unaweza kuiandika ukiwa umekaa kwenye lile benchi. Barua huwezi kujiandikia mwenyewe.

Na usiamini makadirio yako. Canada kuna wanasaikolojia watatu walichapisha utafiti mwaka 1994, waliwauliza wanafunzi 37 wa mwaka wa mwisho waliokuwa wanamalizia tasnifu, utamaliza baada ya siku ngapi? Kwa wastani wakasema 34 hivi. Wakaulizwa tena, haya kila kitu kikienda vibaya kabisa je, wakasema 49. Wakamaliza kwa siku 55 na nusu! Yani hata balaa walilolifikiria lilikuwa dogo kuliko maisha yenyewe, na waliowahi tarehe waliyoitaja ni kama watatu tu katika kila kumi. Hawa ni wanafunzi wazuri, tena wenye umeme. Ndomana kwenye ratiba yako nimeweka wiki mbilimbili pale ambapo wewe ungeweka moja.

Kuhusu bumu, usichape madodoso. KoboToolbox ni ya bure kwa kiwango kinachokutosha, unatengeneza fomu, unaijaza kwenye simu huko shamba bila bando, ukifika penye intaneti unatuma. Hela ya kuchapa iwe nauli. Na weka akiba kidogo, hata sehemu moja ya kumi ya bajeti, kwasababu Ilula hujui mvua itakulaza siku ngapi.

Mwalimu habari za kazi. Supavaiza kaniuliza kwanini nimechukua watu 80, nikamjibu Yamane 1967. Akacheka akaniambia nikajipange. Nilikosea wapi? – Themanini, Dodoma

Alicheka kwasababu ni jibu analopewa na kila mtu. Kumtaja Yamane, yule wa fomula ya kutafuta ukubwa wa sampuli, hakujamwambia kitu. Fomula yenyewe ni nyepesi: idadi ya watu wote, unaigawa kwa moja jumlisha idadi hiyohiyo mara kiwango cha kosa kilichozidishwa kwa chenyewe. Watu 400 ukikubali kosa la asilimia 5 unapata 200. Watu haohao 400 ukikubali asilimia 10 unapata 80. Nakisia basi una watu 400 na ulichukua asilimia 10, sio? Swali lake lilikuwa hapo, kwanini kumi na sio tano, na wewe ukamjibu jina la mtu.

Jibu la kweli la karibu wote ni nauli. Liandike! "Kwa sababu ya muda na fedha mtafiti alikubali kosa la asilimia 10, hivyo matokeo yasomwe kama makadirio." Hakuna mwalimu atakuchinja kwa sentensi hiyo, anayechinjwa ni yule anayejifanya hakuna tatizo.

Ila kuna kosa jingine kubwa zaidi ambalo sijui kama unalo. Fomula ile inachukulia kwamba hao 80 umewapata kwa bahati nasibu, una orodha ya wote 400, kila mmoja alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Kama ulikaa kijiweni ukawajazisha waliopita basi 80 yako na 200 ni yaleyale, umepima watu wanaopita kijiweni. Na kama kazi yako ni ya mahojiano marefu, kukaa na mtu saa nzima akueleze maisha yake, Yamane hakuhusu kabisa, pale unaendelea mpaka uone watu wapya wanakwambia mambo uliyokwisha kuyasikia.

Mwalimu tusaidie. Tupo sita kwenye grupu la projekti, diploma hapa Mwanza, tunatafiti wauza samaki wa Mwaloni. Kazi tunafanya wawili. Mmoja hata meseji hasomi, mwingine kila tukikutana ana msiba, na wawili wanasema "nyie andikeni sisi tutalipia kuprinti". Tuwafute majina? – Tumechoka Wawili

Poleni jamani. Kabla ya kufuta majina, mmoja wenu ameshawahi kukaa kwenye kamati ya harusi? Nauliza kweli. Kamati ya harusi ni watu wenye kazi zao, hawalipwi, wengine hata hawapendani, na bado siku ikifika ukumbi upo, chakula kipo, keki ipo. Kwanini? Kwasababu hakuna mtu anaambiwa shughulikia harusi. Kuna wa ukumbi, kuna wa chakula, kuna wa mapambo, kila kitu kina jina la mtu mmoja na tarehe, na mweka hazina kila wiki anamwaga kwenye grupu orodha ya ahadi na waliotimiza. Ile orodha bwana! Mtu anakopa ili jina lake litoke pale.

Sasa nyie mligawanaje? Naweka dau mligawana chapta, wewe ya kwanza, wewe ya pili. Huo mgawanyo ndo unazaa wavivu, wa chapta ya nne hawezi kufanya lolote mpaka wa tatu amalize, kwahiyo ana sababu halali ya kulala mpaka mwezi wa mwisho, na mkija kuunganisha mnapata kitu kama vazi la viraka, sauti sita tofauti na marejeo ya mitindo sita. Gawaneni kazi zinazoisha. "Kupata orodha ya wauzaji kwa uongozi wa soko kabla ya Ijumaa, fulani." "Kuhoji wauzaji kumi wa dagaa Jumamosi asubuhi, fulani." Jina moja kwa kazi moja, wakiwekwa wawili kila mmoja atadhani mwenzake anafanya. Jumatatu mnakutana dakika kumi na tano mmesimama, kila mtu anasema amemaliza nini na amekwama wapi, basi, nendeni kula. Kuandika awe mmoja au wawili, wengine wawape vitu vya kuandika.

Yule wa misiba mumuulize kwa upole akiwa peke yake. Nimewahi kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo nikamkasirikia muhula mzima, kumbe alikuwa analinda usiku ili alipe ada. Alipewa kazi ya kuingiza data, anafanya huko lindoni kwenye simu, akawa ndo tegemeo la kundi. Hao wa "tutalipia kuprinti" wapeni kazi moja yenye tarehe kwa maandishi kwenye grupu. Ikipita bila kufanywa, ya pili nayo ikapita, nendeni kwa mwalimu na hizo meseji, lakini muende mapema, wiki ya sita sio usiku wa kukabidhi, maana usiku ule mnaonekana wote ni walewale.

Na tafadhali faili. Najua mna "projekti final", "projekti final ya mwisho" na "projekti final kabisa tumieni hii". Andikeni tarehe kwenye jina la faili, moja tu ndo ya kazi, zingine kwenye folda ya zamani, na kila siku mtu ajitumie nakala kwenye barua pepe. Flashi ya stesheneri sio mahali pa kuhifadhia elimu.

Shikamoo mwalimu. Kuna jamaa ana stesheneri karibu na chuo anaandika projekti nzima kwa hela ambayo naiweza. Rafiki yangu anasema bora ChatGPT ni bure. Nina kazi ya kuajiriwa, nina mtoto, muda sina. Naomba usinihukumu, niambie tu ipi ina hatari ndogo. – Nimebanwa, Dar

Marahaba. Sikuhukumu, na nakujibu ulichouliza.

Wa stesheneri hakuandikii, anakuuzia. Ile kazi aliyokuuzia ameshaiuza na ataiuza tena, anabadilisha jina la wilaya. Nimewahi kukaa kwenye jopo tukasoma projekti ya mambo ya maji vijijini, mwanafunzi anashukuru viongozi wa kata ambayo iko mkoa mwingine kabisa, jamaa alisahau kubadilisha ukurasa wa shukrani. Siku ya kutetea huulizwi vitu vigumu, unaulizwa kwanini ulichagua kata hii, ulilala wapi, mtu wa kwanza kumhoji alikuwa nani. Aliyeenda fildi anajibu huku anacheka. Ambaye hakwenda anaanza kuangalia dari.

ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 kosa lililowakamata wengi lilikuwa marejeo. Ukiiambia ikupe marejeo inakupa, tena mazuri, jina la mtu, mwaka, jarida ambalo lipo kweli, namba za kurasa, ila makala yenyewe haijawahi kuandikwa na binadamu yeyote. Mpaka leo kila rejea linalotoka kwenye mashine lihakiki. Nakili kichwa cha makala kitafute Google Scholar, kama halionekani popote lifute usisikitike. Kwa mambo ya kwetu tafuta pia African Journals Online, wapo toka 1998 na wamekusanya majarida ya Afrika ambayo huko kwingine yanazama. Ukishapata makala weka kwenye Zotero, ni ya bure, yenyewe itakupangia orodha ya marejeo mwishoni, hiyo peke yake ni usiku mbili za maisha yako umerudishiwa.

Wewe tatizo lako ni muda, sio kuandika. Una saa ngapi kwa wiki kweli kweli, mtoto akishalala? Tuseme tano. Basi ni saa moja kila siku ya kazi, na kila saa iwe na kitu kimoja kidogo: leo nasoma makala moja, kesho naandika aya moja kuihusu. Usisome zote ndo uandike. Fungua jedwali, andika nani, wapi, mwaka gani, alitumia njia gani, alipata nini, na safu ya mwisho ndo dhahabu, mimi naonaje. Makala ishirini zikijaa humo, mapitio yako yamekwisha bila wewe kujua. Alafu ukiandika usipange kama mwalimu anaita mahudhurio, fulani 2015 alisema, fulani 2018 alisema, fulani 2020 naye akasema. Panga kwa hoja. Hawa watatu wanasema bei ndo tatizo, huyu mmoja anawapinga kwasababu yeye alihoji wanunuzi, mimi naingia hapa.

Kama utatumia hiyo mashine kukusahihishia Kiingereza, muulize kwanza mwalimu wako sheria ya chuo inasemaje, na ukiruhusiwa useme kwamba umetumia. Na ile asilimia ya Turnitin, programu ya kukagua kunakili, mnayoitetemekea inapima maneno yaliyofanana tu, hata jina la chuo chako na orodha ya marejeo vinahesabiwa kama mpangilio haukuviondoa, kwahiyo asilimia 12 inaweza kuwa wizi mtupu na 25 ikawa haina shida. Anayeamua ni anayesoma.

Mwalimu mambo. Proposo imepita, nimerudi fildi, naibadilishaje iwe ripoti? – Haraka, Arusha

Poa. Anza na wakati wa vitenzi. Proposo yote uliandika nitahoji, nitachagua, nitachambua. Sasa umeshahoji. Pitia chapta ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, mstari kwa mstari ubadilishe, na usibadilishe kiupofu maana kama ulipanga watu 80 ukapata 67 ndo unaandika 67 na unasema hao 13 walienda wapi. Muhtasari andika mwisho kabisa japo unakaa mwanzo. Na ratiba na bajeti za proposo zitoe, kuna watu wanakabidhi ripoti iliyokwisha ikiwa na ukurasa unaosema data zitakusanywa mwezi wa tatu.

Mwalimu mwenzangu salaam. Nafundisha fizikia kidato cha tatu huku Lushoto. Nataka wanafunzi wangu waonje utafiti mapema, wasije wakafika chuo wakaanza kutetemeka kama hao wanaokuandikia. Shule haina maabara ya maana. Inawezekana? – Mwalimu wa Milimani

Salama mwalimu, ila uko Lushoto alafu unaniuliza mimi? Hapo jirani yako Magamba mwaka 1963 kulikuwa na kijana wa kidato hichohicho cha tatu anaitwa Erasto Mpemba. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa na sukari, unasubiri yapoe, ndo unaingiza kwenye friji. Siku hiyo nafasi kwenye friji zinagombaniwa, mwenzake akawahi kuweka maziwa ambayo hakuyachemsha, Mpemba akaona akisubiri yake yapoe atakosa, akayaweka ya motomoto. Baada ya saa moja na nusu yake yameganda, ya mwenzake bado uji. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Likizo akakutana na rafiki anayeuza aiskrimu Tanga mjini, naye akamwambia mbona sisi tunaweka ya moto. Alipofika shule ya Mkwawa Iringa akauliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba sio ya dunia, wenzake wakafanya wimbo.

Akaja mhadhiri kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akasimama akamuuliza hilohilo, watu wakacheka. Osborne hakucheka, alirudi chuoni kwake akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpemba akiwa ameshaingia chuo cha wanyamapori Mweka! Leo duniani kote jambo hilo, la moto kuwahi kuganda kabla ya baridi, lina jina lake.

Sasa utamu wake kwa darasa lako ni kwamba mabishano hayajaisha. Mwaka 2016 watafiti wawili Uingereza walipima upya wakasema hawaoni ushahidi wa maana, na wakaonyesha kwamba kipimajoto kikikaa juu au chini kidogo tu, tofauti ya kama sentimita moja, kinaweza kukuonyesha maajabu ambayo hayapo. Hapo una somo la utafiti zima bila maabara: tunaposema "kimeganda" tunamaanisha nini, barafu ya kwanza juu au yote? Vyombo vinafanana? Maji ni kiasi kilekile? Tumerudia mara ngapi?

Wape wiki nne, makundi ya wannewanne. Wiki ya kwanza swali moja na makisio yao kwa maandishi kabla hawajagusa kitu, ya pili wanajaribu njia yao na kuirekebisha, ya tatu wanapima na kurudia, ya nne wanaandika ukurasa mmoja, tulijiuliza nini, tulifanyaje, tuliona nini, tunadhani kwanini. Daftari moja kwa kundi, kila siku tarehe, na kosa halifutwi kwa rabba, linapigwa mstari mmoja ili lisomeke. Kundi ambalo halitaki mambo ya barafu likapime foleni ya bombani, dakika ngapi kwa ndoo saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi jioni. Mwanzoni usiwakatalie makisio ya ajabu, na wakileta majibu yasiyofanana na kitabu waulize walipima vipi kabla hujawaambia wamekosea.

Friji kama shuleni hakuna muombe mama wa duka anayeuza maji ya baridi, ila mueleze kabisa kwamba mtamuwekea chombo cha moto, Mpemba mwenyewe alijua anahatarisha friji ya watu. Na mkimaliza niandikie, hata kama ya moto haikutangulia.